Mtoto akifa kwa njaa Karamoja, nani anaulizwa?

Swali la msomaji: "Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka Mbale, nimeoa Napak, wilaya ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwaka 2022, wakati ule wa njaa, shemeji yangu alimpoteza mtoto wa miaka miwili. Kituo cha afya kiliandika malaria. Bibi wa mtoto huyo naye akafia nyumbani siku chache baadaye, hata karatasi hakupata. Sote tulijua ni njaa. Mawaziri walifikishwa mahakamani kwa mabati ya Karamoja, lakini kwa waliokufa hakuna ofisa aliyeitwa hata kuulizwa. Je, sheria ya Uganda inaruhusu kumwajibisha mtu kwa kifo cha njaa? Na mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyekataa kuandika neno njaa kwenye barua, tumshtaki?"

Ndugu yangu, poleni sana, wewe na shemeji yako na ukoo mzima. Kuzika watu wawili wa nyumba moja kwa sababu ya sahani tupu, katika nchi inayouza mahindi na maharage kwa majirani zake, ni msiba wenye uchungu wa namna yake. Wewe unayeuza nafaka Mbale unaujua uchungu huo kuliko wengi, maana magunia uliyaona yakipita.

Sheria inaruhusu. Ila wengi hubisha hodi kwenye mlango usio wenyewe, kwa sababu wanatafuta muuaji. Njaa haina mtu aliyeshika panga. Anayeulizwa ni ofisi iliyokuwa na wajibu, ikaletewa taarifa mapema, ikawa na uwezo wa kufanya kitu, kisha isifanye. Nikiwa wakili ningeweka nguvu zangu nyingi kwenye hilo la taarifa: walijua lini? Ukiweza kujibu hapo kwa karatasi, mengine yanafuata. Usipoweza, utasikia neno "ukame" na shauri litaishia hapo.

Umetaja mabati, na umegusa penyewe. Aprili 2023, Mary Goretti Kitutu, aliyekuwa Waziri wa Karamoja, alifikishwa Mahakama ya Kupambana na Ufisadi. Agnes Nandutu, waziri mdogo wa wizara hiyo hiyo, alishtakiwa pia, na mwaka 2025 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 4. Kosa lilikuwa kujihusisha na mali inayotiliwa shaka, yaani mabati 2,000 yaliyotoka katika shehena ya watu wa Karamoja. Soma shtaka lote, hutakuta jina la marehemu hata mmoja. Upelelezi uliliona bati kwa sababu bati lina chapa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, lina stakabadhi ya ghala, linahesabika, na likiezekwa kwenye banda la mtu linaonekana kutoka barabarani. Mtoto wa shemeji yako hakuwa na stakabadhi. Kazi mliyo nayo ni kumtafutia kumbukumbu inayomwonyesha jinsi bati lile lilivyoonekana.

Tuanze na sheria ilivyo. Katiba ya 1995 haikuandika haki ya chakula waziwazi ndani ya sura ya haki. Wakenya wanayo: ibara ya 43 ya katiba yao ya 2010 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Sisi tumeiweka mwanzoni kabisa, kwenye Malengo ya Taifa. Lengo la XIV linataja uhakika wa chakula kati ya mambo ambayo serikali itahakikisha Waganda wote wanayapata. Lengo la XXII linaitaka serikali iwahimize watu kulima na kuweka akiba, na ianzishe maghala ya taifa ya chakula. Kwa miaka mingi mawakili wa serikali walisimama mahakamani wakisema malengo hayo ni dira tu na hakuna anayeweza kushtaki kwa msingi wake. Mwaka 2005 iliongezwa ibara ya 8A inayosema nchi itaongozwa kwa misingi iliyomo katika malengo hayo, na hoja ya dira tu ikaanza kuyumba. Ukiongeza ibara ya 22 inayolinda uhai, na ya 45 inayosema haki zisizotajwa hazijafutwa kwa kutotajwa, msingi upo. Uganda pia ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao ibara yake ya 11 inataja haki ya kila mtu kuwa huru na njaa.

Msingi ukiwa kwenye karatasi unaweza kukaa huko huko, kwa hiyo nikupe kesi iliyotembea nao. Haikuhusu njaa, ilihusu akina mama wawili waliofariki wakijifungua katika hospitali za serikali, mmoja Mityana na mwingine Arua. Mwaka 2011 familia zao, pamoja na CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya, zilimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 mahakama ilikataa hata kuwasikiliza, ikisema mgawo wa fedha za afya ni siasa na majaji wasiingilie. Walikata rufaa. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ilisema hapana, rudini mkasikilize, maana kazi ya mahakama ya katiba ni kuamua kama serikali imevunja katiba, hata pale jambo lenyewe linapogusa sera. Agosti 2020 ndipo hukumu ilipotoka: kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vya serikali kunavunja haki ya uhai na haki ya afya. Mahakama iliamuru familia zilipwe fidia, na serikali ikaamriwa iongeze fedha za afya ya uzazi na itoe taarifa ya utekelezaji.

Ilichukua zaidi ya miaka tisa. Sikufichi hilo, kwa sababu shemeji yako anapaswa kuamua akijua. Lakini zingatia kilichopatikana. Serikali ilisimama mahakamani kujibu vifo ambavyo hakuna daktari wala mkunga aliyekusudia, vifo vilivyotokana na kilichokosekana: damu, dawa, mhudumu wa zamu. Kifo cha njaa ni ndugu wa damu wa kifo hicho. Wakili atakayeichukua kesi yenu ataanzia hapo, na msikubali atakayewaambia kuwa hakuna pa kuanzia.

Sasa ukame, maana ndiyo ngao watakayoinyanyua kwanza. Ni kweli Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, na mtama ukikauka shambani hakuna wa pili wa kuufidia. Ni kweli pia wizi wa mifugo uliorudi kwa nguvu kuanzia 2019 uliwaondolea watu maziwa na mtaji. Hakuna mahakama itakayomhukumu ofisa kwa sababu mvua haikunyesha. Ila sheria ya kimataifa imelifikiria jambo hili. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba niliokutajia ilieleza mwaka 1999 kwamba lazima kutofautisha serikali isiyoweza na serikali isiyotaka. Serikali inayosema haikuweza ndiyo yenye mzigo wa kuonyesha kwamba ilitumia kila rasilimali iliyokuwa nayo, na kwamba iliomba msaada wa nje pale zake zilipokwisha. Sio ninyi wa kuthibitisha kwamba iliweza. Shikeni hoja hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu inageuza meza.

Na kwa mwaka 2022 meza hiyo ina vitu juu yake. Tathmini ya usalama wa chakula ya Karamoja ya Machi hadi Julai 2022 ilikadiria watu wapatao 518,000, asilimia 41 ya wakazi waliochunguzwa, kuwa katika hatua ya tatu au zaidi kati ya tano za kipimo cha njaa, ile ya tatu ikiitwa ya mgogoro. Kati yao watu wapatao 90,000 walikuwa hatua ya nne, ya dharura, ambayo iko ngazi moja tu chini ya ile ya maafa. Tathmini kama hizo hufanywa pamoja na wataalamu wa serikali wenyewe. Ofisi ya Waziri Mkuu ina idara ya maafa na kituo cha uratibu wa dharura, na hutoa taarifa za tahadhari za mara kwa mara. Zaidi ya hapo, Karamoja si mahali ambapo njaa ilikuja kwa kushtukiza. Mwaka 1980 takriban mtu mmoja kati ya watano alikufa kule. Ibara ya 249 ya Katiba iliagiza kuundwa Tume ya Maafa, ya asili na ya kutengenezwa na watu, na zaidi ya miaka 20 ilipita bila tume hiyo kuundwa. Hayo yote yanajibu swali la walijua lini, na yamo kwenye nyaraka za serikali.

Nyaraka msizonazo, ombeni. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inampa kila raia haki hiyo, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, kunyamaza huko huhesabiwa kuwa imekataa, na mnaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Iandikieni ofisi ya CAO, yaani ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, na Ofisi ya Waziri Mkuu, muulize mambo madogo yanayojibika: ripoti gani za njaa zilipokelewa kutoka gombolola lenu (kata ndogo ya wilaya) kati ya Januari na Julai 2022, nani alizipokea na tarehe gani, chakula cha msaada kiasi gani kilipangiwa gombolola hilo, kiliondoka ghala gani siku gani, na nani alisaini kukipokea. Msiulize "kwa nini mlituacha tufe". Mna haki ya kuuliza hivyo na moyo wangu uko pamoja nanyi, ila swali hilo hujibiwa kwa hotuba. Tarehe na saini hazina hotuba.

Kuhusu cheti kilichoandikwa malaria: huenda mhudumu hakudanganya. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa mara nyingi hafi kwa njaa yenyewe. Kinga ya mwili inaporomoka, kisha malaria, kuhara au nimonia ambayo mtoto aliyeshiba angeipona inammaliza. Ndiyo maana cheti cha sababu za kifo kinachofuata mtindo wa kimataifa kina mistari zaidi ya mmoja: kilichomuua mwishoni, na kilichoanzisha safari hiyo. Utapiamlo mkali unapaswa kuandikwa kwenye mistari hiyo ya chini. Usipoandikwa, nchi nzima inasoma takwimu za malaria na kununua vyandarua, wakati kilichokosekana kilikuwa posho, yaani unga wa mahindi.

Kwa mtoto, basi, ushahidi bado unaweza kuwepo. Je, alipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi? Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, rangi nyekundu. Kadi yake ya kliniki ina uzito wake wa kila mwezi. Watu wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, huwa na daftari. Kama aliwahi kupewa chakula tiba cha pakiti, kituo kina rejista ya waliopewa. Rejista hiyo ikionyesha alirudishwa nyumbani kwa sababu pakiti zilikwisha, ishikeni sana, maana mnaye mtoto anayejulikana, tarehe inayojulikana na upungufu uliorekodiwa na serikali yenyewe. Ombeni nakala kwa maandishi, na kama wanakataa, pigeni picha mbele ya shahidi.

Kwa bibi ni vigumu zaidi, na hapa ndipo sheria yetu inanikera kweli. Wazee hufa kimya kwa sababu ndio wanaoacha chakula chao kwa wajukuu, na wakifa nyumbani hakuna anayeuliza, watu husema uzee. Bado mnaweza kukusanya viapo vya maandishi mbele ya kamishna wa viapo: nani alikuwa akimpelekea chakula, alikula nini wiki ya mwisho, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya msaada au la. Shemeji yako, jirani, na mzee mwingine wa manyata hiyo, yaani boma lao. Watatu wanaosema jambo moja kwa maneno yao wenyewe wana uzito. Fanyeni sasa, kumbukumbu zikiwa bado hai na kabla vikomo vya muda vya kisheria havijawafikia.

Nani basi ashtakiwe? Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima awemo, kwa niaba ya dola. Ila tangu 2019 tunayo Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu, na ndani yake kuna kifungu ninachotamani kila mwananchi akijue: ofisa wa umma anayevunja haki ya mtu, peke yake au pamoja na wengine, anawajibika yeye binafsi, hata kama serikali nayo inawajibika kwa niaba yake. Yaani hawezi kujificha nyuma ya hazina. Lakini msitaje majina kwa hasira. Tajeni yule ambaye nyaraka zinaonyesha alipokea ripoti na kuiweka mezani, au aliyesaini gari la posho ambalo halikufika. Ukimtaja waziri kwa sababu tu ni waziri, mawakili wake watamtoa siku ya kwanza, na kesi nzima itaonekana ya kisiasa.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo naomba mlichunguze nyumbani. Operesheni ya kunyang'anya silaha iliyoanza Julai 2021, ile waliyoiita Usalama kwa Wote, iliambatana na misako ya mifugo. Je, familia ya shemeji yako ilikuwa na ng'ombe, na walichukuliwa na wanajeshi au kuwekwa kwenye zizi la kambi, ambako kwenda kukamua si jambo la kila siku? Kama ndiyo, kesi inabadilika sura. Hapo hamlalamiki tena kwamba serikali haikuwapa chakula, bali kwamba mkono wa dola uliondoa chakula mlichokuwa nacho. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2001, katika kesi ya watu wa Ogoni dhidi ya Nigeria, kwamba haki ya chakula imo ndani ya Mkataba wa Afrika ingawa haikutajwa kwa jina, na kwamba jambo la chini kabisa serikali inalodaiwa ni kutoharibu vyanzo vya chakula vya watu wake. Uganda ni mwanachama wa mkataba huo tangu 1986. Majaji huona ugumu kuiamuru serikali itoe, ila huona wepesi zaidi kuikataza isichukue.

Wahindi walikwenda mbali kuliko sisi, na nawataja kwa sababu walianza na hali inayofanana na yetu: nafaka ghalani na watu wakifa vijijini. Mwaka 2001 chama cha kutetea haki za raia kilikwenda Mahakama ya Juu ya India. Mahakama ikageuza mipango ya serikali ya chakula kuwa haki za kisheria, ikaamuru chakula cha mchana kilichopikwa shuleni, ikateua makamishna wake wa kufuatilia, na mwaka 2002 ikaeleza kwamba makatibu wakuu wa majimbo watawajibika vifo vya njaa vikitokea kwa kuendelea kupuuza amri zake. Angalia walivyofanya: waliteua cheo kimoja kinachojulikana, anayekikalia akajua mapema kwamba ataulizwa yeye. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye cheo anayejua ataulizwa hujifunza haraka. Mkienda mahakamani, ombeni amri ya namna hiyo pamoja na fidia, ili wilaya iwe na ofisa mmoja mwenye jukumu la kuripoti kila kifo kinachoshukiwa kuwa cha njaa.

Kesi ya jinai sitaizungumzia sana. Kanuni ya Adhabu inakubali kwamba kuua bila kukusudia kunaweza kutokana na kutotenda, pale mtu anapozembea wajibu wa kulinda uhai. Kuthibitisha kwamba uzembe wa ofisa fulani ndio uliomuua mtoto fulani, bila shaka yoyote ya msingi, ni mlima. Kama mna ushahidi wa chakula kilichoibwa, upelekeni kwa IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, iwe ufisadi. Msiache shauri la haki likisubiri jinai.

Kabla ya Mahakama Kuu, nendeni ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda iliyoko Moroto. Hawadai ada ya kufungua lalamiko, na mnaweza kueleza kwa mdomo wakaandika wao. Sheria inaruhusu pia mtu au shirika kushtaki kwa niaba ya wengine, kwa hiyo shemeji yako halazimiki kubeba peke yake. Kama kuna familia nyingine kumi za gombolola hilo zenye kisa kama chake, nendeni pamoja, maana lalamiko la mmoja litaitwa bahati mbaya na la kumi litaitwa mwenendo.

Mwisho, mwenyekiti wa LC1. Msimshtaki. Hana ghala, hana bajeti, na pengine aliyemtisha asiandike neno hilo ni mtu wa juu yake. Mwendeeni jioni, bila kelele, mumwombe aandike alichokiona bila kutaja sababu: kwamba mtoto na bibi wa nyumba hii walifariki tarehe hizi, kwamba nyumba hii ilikuwa au haikuwa kwenye orodha ya msaada aliyopelekewa, na kwamba yeye alipeleka au hakupeleka taarifa gombolola. Kama alipeleka, mwombeni nakala, au jina la aliyempokea. Huenda mtu mnayetaka kumshtaki ndiye shahidi pekee anayeweza kuapa kwamba serikali iliambiwa.